Penseli nne kwa wiki: kisa cha dogo wa darasa la pili, Majengo Moshi

Nina kifremu cha steshenari hapa Majengo, Moshi, nauza madaftari na penseli, natoa kopi, nafanya laminesheni, na kabla ya hapo nilishika chaki miaka sita, darasa la kwanza na la pili, mpaka nikachoka nikaacha. Naanza na hilo kwa sababu hiki kisa nisingekiona kama ningebaki darasani, mtoto mmoja kati ya tisini humuoni, ila dukani akija na mia mbili mkononi mara nne kwa wiki utamuona tu.

Ilikuwa Julai, shule zimefungua muhula wa pili, lile baridi la Moshi la asubuhi watoto wanatembea wamevuta mikono ndani ya sweta. Kuna dogo wa darasa la pili anapita dukani kila mchana akitoka shule kwenda kwa bibi yake Njoro. Jumatatu kanunua penseli. Jumatano penseli. Alhamisi penseli na raba. Ijumaa penseli tena. Mimi mfanyabiashara, siwezi kulalamika mteja akirudi, ila penseli nne kwa wiki hata fundi seremala hazimalizi. Nikamuuliza we dogo, zile zingine umezila? Akaangalia chini, zimepotea. Zote? Zote.

Jumamosi akaja mama yake, na yeye kwa hasira zake. Madaftari mawili yamepotea, sweta limepotea, homwaki hazionekani, mwalimu keshamuita mara mbili. "Dada, huyu mtoto ni mzembe, nimemchapa mpaka mkono umeniuma mimi, nahisi anafanya makusudi." Alikuwa anataka nimpe kaunta buku kubwa moja gumu, akidhani kitu kikubwa hakipotei. Nilikuwa nalo, ningemuuzia. Badala yake nikamwambia mama, kaa kidogo tuongee, na ndo nikajiingiza kwenye hii habari ambayo haikunihusu.

Maisha ya dogo yako hivi. Wanalala Pasua. Mama anauza mitumba soko la Memorial, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi yuko njiani kuwahi balo likifunguliwa. Baba ni mgumu, yaani mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, na kuanzia Juni mpaka Oktoba ndo msimu wenyewe, akipanda kwa njia ya Machame ni siku sita saba hayupo, akishuka analala siku mbili anapanda tena. Kwaiyo dogo anaamka Pasua, anasoma Majengo, mchana anakula na kushinda kwa bibi Njoro, jioni mama anampitia. Sehemu tatu kwa siku moja, watu wazima watatu wanne, na kila mmoja anajua kakipande kake tu. Kitu pekee kinachokuwa na mtoto siku nzima ni begi.

Nikamuomba mama wiki mbili bila kumchapa, tuandike tu. Nikampa kalenda ya zamani, nyuma ya karatasi aandike kila kilichopotea na kilionekana mara ya mwisho wapi, na bibi naye akiona kitu amwambie. Mama alicheka, akasema sawa mwalimu. Baada ya wiki mbili tukasoma: penseli saba, raba tatu, kichongeo kimoja, sweta mara mbili (moja likarudi), fagio la chelewa lilisahaulika siku ya zamu yao wakamrudisha kulifuata, daftari la Kuandika halionekani, na homwaki siku sita kati ya kumi haikurudi shule ikiwa imefanyika.

Ukiangalia kwa haraka unaona mtoto anayepoteza kila kitu. Ukikaa na ile karatasi unaona ni matatizo manne tofauti yamevaa nguo moja, na ndo sababu fimbo ilikuwa haifanyi kazi, maana ilikuwa inayapiga yote kwa pamoja na haijui inapiga lipi.

La penseli lilikuwa la aibu kwa sisi watu wazima. Nililigeuza lile begi juu ya kaunta, zipu ya mfuko wa mbele imekufa na pembe ya chini ina tundu la kupita kidole. Penseli zilikuwa zinadondokea barabarani kati ya shule na duka langu. Mtoto amechapwa kwa tundu la begi! Fundi cherehani wa jirani akashona kwa elfu moja, wiki iliyofuata penseli iliyopotea ni moja. Na hiyo moja aliazimisha mwenzake, hiyo ni shule, tuache.

Sweta nalo halikuwa la ajabu. Asubuhi Moshi ya Julai unatetemeka, saa tano jua limetoka, mtoto anavua anafunga kiunoni, anaenda mpira, kwenye mpira anavua anaweka goli. Ndo mwisho wa sweta. Hapo tulishona tu jina kwa uzi mweupe ndani ya shingo, na tukakubaliana likivuliwa linaingia kwenye begi. Lilipotea tena Agosti, nakwambia ukweli, ila kwa lile jina lilirudi.

Sasa asubuhi. Nilimuuliza mama, unavyotoka unamwambiaje mtoto? Akaanza kunitajia kama anaimba: vaa soksi, daftari la Kuhesabu liko juu ya kabati, usisahau fagio leo zamu yenu, hela ya uji iko mfuko wa sweta, usipite kwenye mfereji, mwambie bibi leo nitachelewa. Nikamwambia rudia. Hata yeye alisahau moja, alisahau mfereji. Na anamwambia mtoto aliyeamshwa saa kumi na moja na nusu wakati amelala saa nne kasoro usiku, tamthilia ikiisha, hayo ni masaa saba na nusu au zaidi kidogo. Madaktari wa usingizi wa Marekani mwaka 2016 walitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 6 mpaka 12 apate masaa 9 mpaka 12. Usingizi ukipungua, kushikilia maagizo nako kunayumba. Mtoto wa miaka saba hata akiwa amelala vizuri, maagizo mawili matatu kichwa kimejaa, la nne likiingia la kwanza linatoka. Sio ukaidi hata kidogo. Mama mwenyewe kayatunga na kayasahau.

Hapo ndo nikafanya kosa langu. Mimi nina mashine ya laminesheni, na mwenye nyundo unajua, kila kitu anakiona msumari. Nikamtengenezea dogo ratiba, wee, ilikuwa ratiba! Rangi tano, saa za kuamka, saa za kula, madaftari ya kila siku, visanduku vya kuweka tiki, nikaifanyia laminesheni ya A3, mama akaibandika ukutani Pasua. Wageni waliisifia sana. Dogo hakuitumia hata siku moja.

Nilikasirika kidogo, alafu nikajicheka, maana kwenye chuo cha ualimu tuliimbishwa Piaget, yule mwanasaikolojia wa watoto, mpaka tukaota, kwamba mtoto wa umri huo ndo kwanza anaanza kufikiri kwa vitu anavyovishika na kuviona, na mimi nimempelekea saa na siku, vitu visivyoshikika. Halafu iko ukutani Pasua, wakati nusu ya maisha yake iko Njoro. Alafu kubwa kuliko yote, na hili lilipaswa kunishtua mapema, ile ratiba ilitaka asome. Nilidhani anasoma. Darasa la pili, muhula wa pili, na mtaala wa madarasa hayo toka mwaka 2015 umejengwa juu ya KKK, kusoma kuandika kuhesabu, nikajua basi kusoma kupo. Sikumpima. Mwalimu mzima.

Aliyetuokoa kwenye hilo la asubuhi ni baba. Alishuka mlimani Agosti, akaja dukani na mwanae kununua rula, nikamueleza. Akasikiliza, hana maneno mengi yule, akasema sisi mgumu hapangi begi asubuhi. Mzigo unapimwa getini, mwisho kilo 20, ukiamka kambini baridi imekukaza vidole huwezi kuanza kutafuta kitu kiko wapi, kwaiyo unapanga usiku na kila kitu kina mahali pake, cha kuhitaji kesho jioni kiko chini, koti la mvua juu kabisa. Jioni ile akakaa chini na dogo kwenye mkeka, begi katikati, wakapanga kama wanaenda Machame. Madaftari yote matano yanaingia kila siku, hakuna kuchagua la leo na la kesho, ni mepesi tu. Mfuko mdogo ni wa penseli na raba. Juu kabisa sweta. Fagio kama kesho ni zamu, linasimamishwa mlangoni ambapo huwezi kutoka bila kuligusa. Hela ya uji ndani ya kiatu cha kulia! Hiyo ya kiatu ni akili ya baba mwenyewe, na nimeipenda kuliko vitu vyote nilivyosoma chuoni, maana mtoto hawezi kuvaa kiatu na shilingi ndani asikumbuke.

Na akamwambia sentensi moja ambayo dogo aliirudia kwangu wiki nzima: begi likifungwa usiku halifunguliwi mpaka getini. Geti ni shule. Baba alirudi mlimani baada ya siku mbili lakini lile neno likabaki. Mama saivi asubuhi anasema kitu kimoja tu, geti, basi.

Ukisoma hapa unadhani kisa kimeisha, hata mimi nilidhani. Penseli zimetulia, fagio halisahauliki, sweta lina jina. Ila homwaki bado. Wiki ya tatu ya Agosti begi limepangwa vizuri kabisa, limefungwa, na ndani daftari la Kuandika hakuna. Tukanunua jipya, mia tano. Baada ya siku nne nalo hakuna. Hapo mama uvumilivu ukamwisha, na mimi nikaanza kuona kumbe tulikuwa tunafuta vumbi tu.

Bibi ndo aliyapata. Alikuwa anachota pumba za kuku, nyuma ya gunia kwenye banda kuna madaftari matatu yamepangwa vizuri, moja juu ya lingine. Nasema yamepangwa vizuri kwa sababu ndo kilichonichoma, mtoto tunayemuita mzembe kayapanga kingo kwa kingo na kuyafunika na kiroba yasinyeshewe. Bibi hakupiga kelele, akamlisha kwanza machalari, alafu akamtuma binti wa jirani aniletee dukani. Nikafungua. Kila ukurasa ni hivyo hivyo, tarehe, kichwa cha habari, sentensi moja na nusu, alafu wino mwekundu. Hujamaliza. Hujamaliza. Maliza kazi. Nione. Kurasa kumi na kitu za hujamaliza.

Hakuwa anapoteza daftari. Alikuwa anaficha ushahidi.

Siku iliyofuata alivyopita sikumuuliza kitu, nikampa benchi na karatasi. Ukutani nina tangazo la kawaida la maduka, KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA, nikamwambia ninakilie hiyo nataka nibandike na mlangoni. Kwanza nikamuuliza herufi moja moja kwa mbali, alizitaja zote, kwaiyo macho nikayaweka pembeni kwanza (na wewe ukiwa na mtoto wa hivi anza na macho na masikio, usiruke kama mimi nilivyokaribia kuruka). Alafu nikakaa nahesabu kichwa. Anainua, anaona K, anainama, anaandika K. Anainua, U, anainama, U. Anainua, anatafuta alikuwa wapi, K. Yale maneno manne yana herufi 25, kichwa kiliinuka mara 23, na katikati alipotea mstari akaandika LIPA mara mbili. Dakika zaidi ya nne. Jioni nikampa hiyo hiyo binti wa muuza chipsi wa hapo mbele, naye darasa la pili, yeye aliinua kichwa mara tano akarudi kucheza rede.

Tofauti yao haiko mkononi wala kwenye bidii. Yule binti akiangalia HARUSI anaona kitu kimoja, anakibeba, anakishusha kwenye karatasi. Dogo anaona vitu sita. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Miller, aliandika mwaka 1956 kwamba kichwa kinashika vipande vichache tu kwa wakati mmoja, ila kipande kinaweza kuwa herufi moja au kikawa neno zima, inategemea unalijua vipi. Kwa hiyo dogo na binti vichwa vinaweza kuwa sawa sawa, ila mmoja anabeba maji kwa ndoo mwingine kwa kijiko. Sasa kumbuka darasani homwaki inaandikwa ubaoni dakika tano za mwisho, kengele inagonga, watoto wa zamu wanaingia na mafagio wanawatoa nje, na dogo yuko sentensi ya pili. Anafika kwa bibi na nusu ya swali. Nusu ya swali haifanyiki. Kesho yake anasimamishwa mbele. Ukiwa na miaka saba, banda la kuku ni suluhisho la akili kabisa.

Kwenda kwa mwalimu mama aliogopa, nikamsindikiza. Mwalimu ni binti mdogo, ana watoto tisini na kitu kwenye chumba ambacho hesabu ya serikali ni 45 kwa mwalimu mmoja, toka elimu bila malipo ilivyoanza mwaka 2016 watoto walijaa na vyumba havikuongezeka kwa mwendo huo. Hakutujibu vibaya. Alivyoona yale madaftari alinyamaza kidogo, akasema mama samahani, mimi nilijua anacheza. Tulienda kuomba kitu kimoja, dogo akae mbele. Akakubali. Ila wazo zuri zaidi lilitoka kwake mwenyewe, akasema sio huyu tu, nusu ya darasa inaniletea nusu ya kazi, kumbe ni dakika zangu, na kuanzia wiki ile homwaki akawa anaiandika ubaoni baada ya mapumziko ya uji, inakaa hapo mpaka wanatoka. Sikutegemea. Nilikuwa nimeenda na maneno yangu mengi ya chuoni, hayakuhitajika.

Upande wangu mimi tukaanza dakika kumi kila mchana kwenye benchi la dukani. Nilikata mabaki ya manila nikaandika silabi, ma, ku, ta, li, tunaunganisha, ku-li-ma, ma-ta, ku-ta. Alafu mchezo wenyewe: angalia, funika, andika, funua. Anaangalia neno kwa muda anaotaka, analifunika na kiganja, anaandika bila kuchungulia, anafunua anajisahihisha mwenyewe, mimi siongei. Wiki ya kwanza silabi mbili tu, baba, kuku, ugali ukamshinda. Wiki ya pili tatu. Mwisho wa Septemba alikuwa anabeba maneno mawili kwa mpigo. Mama alipendekeza tufanye masaa mawili Jumamosi badala ya kumsumbua kila siku, nikakataa, vitu vya hivi ukivilundika siku moja Jumatano havipo, dakika kumi kumi ndo zinashika, na tuisheni nyingi mtaani kwetu zinaharibu hapo hapo, masaa matatu ya wikiendi mtoto anatoka anasinzia.

Kwa bibi hatukubadilisha kitu zaidi ya kimoja, akimaliza kula homwaki inafanyika pale pale kwenye mkeka kabla hajatoka kucheza, bibi hasomi vizuri kwaiyo kazi yake ni kuuliza tu, nionyeshe ulipoanza, nionyeshe ulipoishia. Bibi aliifanya hiyo kazi kwa ukali kuliko mkaguzi wa shule. Kulala tulishindwa kufika masaa tisa, siwezi kukudanganya, mama akirudi kutoka Memorial ndo wanapika, tulipata labda nusu saa zaidi.

Mambo mengine hayakwenda. Oktoba baba alishuka akakaa wiki nzima, nyumba ikawa sherehe, begi halikupangwa siku tatu, fagio likasahaulika. Kuhesabu bado yuko chini, na hapo nadhani kuna kitu kingine ambacho sijakigusa. Ratiba yangu ya laminesheni wanaitumia kufunikia ndoo ya maji. Kama ningeanza upya ningempima kusoma siku ile ile ya kwanza alivyonunua penseli ya nne, ningeokoa wiki tano na fimbo kadhaa, maana ile wiki ya madaftari kupotea mara ya pili mama alimchapa tena na mimi nilikuwepo na nilinyamaza.

Novemba katikati, mchana, jua kali, mlima uko wazi mpaka juu, dogo akaingia. Shikamoo. Marahaba, penseli? Akasema hapana, nataka daftari la Kuandika. Mimi moyo ukanidondoka, nikamuuliza lile jingine liko wapi. Akalitoa kwenye begi, kwenye mahali pake, akalifungua ukurasa wa mwisho akaniwekea juu ya kaunta. Limeisha, akasema.

Nikapekua nyuma nyuma, mistari imejaa mpaka kwenye kava. Nikachukua mia tano yake, nikampa jipya.